Waamuzi Wanatafuta Nini? Mashindano ya Mipango ya Biashara ya Wanafunzi

Fungueni madaftari yenu, na mwalimu awe na chaki tayari, maana leo kuna hesabu za kuandika ubaoni.

Somo letu linahusu jambo ambalo wengi wenu mmeanza kulisikia kwa watoto wenu walioko vyuoni. Kijana anarudi nyumbani likizo, anasema, "Baba, tumeingia katika mashindano ya mipango ya biashara." Baba anauliza, "Mnakimbia, au mnacheza mpira?" Kijana anacheka, anaeleza kwamba wanaandika biashara katika karatasi, kisha wanasimama mbele ya waamuzi kuitetea, na wanaoshinda hupewa fedha za kuianzisha. Miezi miwili baadaye habari inafika kwamba hawakushinda. Hapo ndipo manung'uniko huanza: waamuzi wamependelea, waamuzi hawakuelewa, tuzo wamepewa wale wanaojua Kiingereza cha puani. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Hatuwezi kusema lolote mpaka tujue waamuzi hao walikuwa wakitafuta nini, na alama zao walizijumlisha namna gani.

Kwanza tuelewane maana. Mpango wa biashara ni maelezo yanayosema mtu anataka kuuza nini, atamwuzia nani, kwa bei gani, gharama zake ni kiasi gani, na mtaji utatoka wapi. Mfanya biashara mzoefu anao mpango huu kichwani. Mwanafunzi hana uzoefu, basi anatakiwa auandike ili wengine waupime.

Mashindano ya namna hii yalianza kupata sifa nchini Marekani. Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, wanafunzi wa masomo ya biashara waliwatazama wenzao wa sheria. Wale wa sheria walikuwa na mahakama ya mazoezi: kesi ya kubuni, mawakili wanafunzi, na mbele yao hakimu wa kuwasikiliza. Wenzao wa biashara wakasema, mbona sisi hatuna yetu? Wakaanzisha mashindano yao, wakayaita Moot Corp, jina lililofanana na lile la mahakama ya mazoezi. Mwaka 1990 wanafunzi wa chuo cha MIT, karibu na Boston, walianza ya kwao kwa zawadi ya dola 10,000. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, kikaanza na vikundi 9 tu. Baadaye mashindano hayo ya Rice yalikua hata yakawa yanakaribisha vikundi 42, na waamuzi wanaohesabiwa kwa mamia.

Kumbukeni jambo hili la mahakama, maana litatusaidia. Mtihani wa shule una majibu yake. Mwalimu anajua kwamba 7 mara 8 ni 56, na mtoto akiandika 54 amekosa, hata kama mwandiko wake ni mzuri kama wa kuchonga. Lakini mwamuzi wa mashindano haya hana kitabu cha majibu. Anaulizwa kuhusu biashara ambayo bado haijawa. Kazi yake ni kama ya hakimu anayesikiliza ushahidi, tofauti ni kwamba hakimu husikiliza habari za jambo lililokwisha kutendeka, na huyu anasikiliza habari za kesho.

Basi mwamuzi afanyeje? Mashindano mengi humpa karatasi yenye mafungu. Kuna fungu la shida: je, ipo shida ya kweli, na nani anayo? Kuna fungu la soko, fungu la hesabu, fungu la watu wenyewe wanaotaka kuendesha biashara, na aghalabu fungu dogo la namna walivyojieleza. Kila fungu lina alama zake. Mashindano mengine hutaka jambo moja tu. Kule Rice waamuzi huambiwa wajifikirie kuwa wenye mitaji, wavipange vikundi kwa kufuata kile ambacho wao wangekuwa tayari zaidi kutia fedha. Kwa maoni yangu swali hili la pili ni kali kuliko karatasi yenye mafungu 20. Mtu anaweza kukipa kikundi alama nyingi kwa huruma, kwa kuwa vijana wamejitahidi. Mwulize sasa, "Je, ungetoa fedha ya mfukoni mwako?" Utamwona anavua miwani na kuanza kusoma upya.

Sasa tuchukue mfano. Mfano huu nimeutunga mimi, lakini mambo ya ziwa yaliyomo ni ya kweli, na wasikilizaji wa Mwanza, Musoma na Bukoba watakuwa mashahidi wangu.

Wanafunzi wanne wanataka kukausha dagaa wa Ziwa Viktoria. Wamesema, na ni kweli, kwamba dagaa wengi huanikwa mchangani, hivyo huchanganyika na mchanga na uchafu na bei yake huwa ndogo. Wao watawaanika juu ya vichanja vya miti na nyavu, wapate dagaa safi wa bei nzuri. Karatasi yao imepigwa chapa vizuri, na ina picha. Wamehesabu kwamba wakiisha kulipa wavuvi, magunia na usafiri, watabaki na faida ya shilingi 40,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 1,200,000. Kwa mwaka, shilingi 14,400,000. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni.

Miongoni mwa waamuzi kuna mama mmoja ambaye amefanya biashara ya samaki miaka mingi. Anawaacha wamalize. Kisha anauliza kwa upole, "Wanangu, siku za mbalamwezi mtakausha nini?"

Vijana wanatazamana. Hawakulifikiria. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri au za umeme wa jua. Taa huwavuta dagaa katika giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi wengi hupumzika. Tuseme siku 10 katika mwezi hazina mavuno ya maana. Futeni 30, andikeni 20. Faida sasa ni shilingi 800,000.

Mama anaendelea. "Na mvua ikinyesha mchana kutwa?" Dagaa waliolowa huoza, nao huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Tuseme katika siku zile 20, siku 5 zinaharibika, na kila siku iliyoharibika inaleta hasara ya shilingi 10,000. Siku 15 nzuri ni shilingi 600,000. Toa hasara ya shilingi 50,000. Zimebaki shilingi 550,000.

Mwamuzi wa pili ni karani wa benki. Yeye anauliza jambo moja tu: "Mshahara wenu uko ukurasa gani?" Wanajibu, "Mzee, sisi tutajitolea." Karani anatikisa kichwa. Kujitolea kunafaa wakati chuo kinawalisha. Baada ya chuo watakula nini? Tuseme kila mmoja anajilipa shilingi 150,000 kwa mwezi, nazo si nyingi. Watu 4 ni shilingi 600,000. Sasa ile biashara iliyokuwa na faida ya shilingi 1,200,000 kwa mwezi ina hasara ya shilingi 50,000.

Tazameni, hakuna mwamuzi aliyesema kwamba vichanja ni kitu kibaya. Ni kitu kizuri sana. Waamuzi walichopima ni kama vijana wameijua biashara yenyewe au wameijua karatasi tu. Na hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui: kikundi hakianguki kwa sababu kimeulizwa swali gumu. Kinaanguka, au kinasimama, kwa jibu lake. Kama wale vijana wangejibu, "Mama, hilo hatukulihesabu, lakini siku za mbalamwezi tunaweza kuuza akiba tuliyoweka, kwa maana ndipo dagaa wanapoadimika sokoni na bei hupanda," nadhani yule mama angewapa alama nzuri kuliko kama wangebisha. Sehemu ya maswali ndiyo sehemu yenye thamani kubwa, nayo hudumu dakika chache tu. Hotuba unaweza kuikariri. Jibu la swali usilolitazamia huwezi.

Kwa sababu hiyo, ushahidi una nguvu kuliko makisio. Anayesema, "Watu wote Tanzania wanakula dagaa, kwa hiyo soko lipo," hajasema neno. Anayesema, "Tulikausha magunia matatu, tukayapeleka Mwaloni Kirumba, wanunuzi wawili wakanunua na mmoja akakataa kwa sababu hii," huyo ameleta shahidi mahakamani. Hata yule aliyekataa ni shahidi mzuri.

Mfano wa kweli wa jambo hilo ni wa mwaka 2016. Kuna mashindano ya dunia nzima ya wanafunzi yaitwayo Hult Prize, na zawadi yake mwaka ule ilikuwa dola milioni 1. Walioshinda walitoka katika chuo kidogo cha Marekani, Earlham College, katika jimbo la Indiana, na mmoja wao alikuwa Mkenya. Mpango wao, walioupa jina la Magic Bus, ulihusu basi za Nairobi. Ninyi mliowahi kusimama kituoni Nairobi saa kumi na mbili jioni mnajua shida ile: hujui basi itakuja saa ngapi, na nauli inapanda mvua ikianza. Wao walitaka abiria akate tikiti mapema kwa ujumbe mfupi wa simu, hata kwa simu ndogo isiyo na intaneti. Kabla ya fainali walikwenda Nairobi wenyewe wakafanya majaribio na abiria wa kweli. Waliposimama mbele ya waamuzi hawakusema "tunadhani abiria watakubali." Walikuwa wamekwisha kuwauzia.

Sasa tuje kwenye hesabu ya alama, maana malalamiko mengi ya upendeleo hutoka hapa. Mwalimu, futa ubao, uandike vikundi viwili, Twiga na Swala. Waamuzi ni watatu.

Mwamuzi wa kwanza amempa Twiga alama 90 na Swala 60. Wa pili amempa Twiga 70 na Swala 72. Wa tatu amempa Twiga 70 na Swala 73. Jumlisheni. Twiga ana 230. Swala ana 205. Twiga ameshinda, tena kwa mbali.

Lakini angalieni tena. Waamuzi wawili kati ya watatu walimwona Swala kuwa bora! Mwamuzi mmoja, kwa sababu kalamu yake inaruka juu na chini sana, amewashinda wenzake wawili. Hakuna aliyekula rushwa. Hakuna aliyemjua mtoto wa mtu. Ni hesabu tu imefanya hivyo. Ndiyo sababu mashindano mengine hayajumlishi alama, bali humtaka kila mwamuzi apange vikundi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa njia hiyo Swala angekuwa na kura mbili za kwanza, na Twiga moja.

Shida huzidi pale vikundi vinapokuwa vingi. Vikundi 42 haviwezi kusikilizwa na waamuzi walewale katika chumba kimoja, vinagawanywa. Chumba hiki kina waamuzi wakali ambao alama 65 kwao ni sifa kubwa, na chumba cha pili kina waamuzi wakarimu wanaoanzia 80. Ukichukua alama na kuzilinganisha moja kwa moja, watoto wa chumba cha ukali wote wamekwisha. Basi hupangwa kwamba aliye bora katika kila chumba aendelee mbele. Njia hii nayo ina ila yake, kwa maana chumba kimoja kinaweza kuwa kimeangukiwa na vikundi vitatu vizuri, na cha pili hakina hata kimoja. Mashindano mengine hutoa nafasi ya pili kwa walioachwa, ili kupunguza uonevu huo. Kuumaliza kabisa haiwezekani.

Kuhusu upendeleo wa makusudi nitasema kwa kifupi. Mwamuzi aliye ndugu, mwalimu au mshirika wa kikundi anapaswa kulitaja jambo hilo na kukaa kando kikundi hicho kinaposikilizwa. Mahali ambapo sharti hili halikuandikwa, mzazi ana haki ya kuuliza.

Upendeleo usiokusudiwa ndio mgumu, kwa sababu mwenye nao hajijui. Mwaka 2014 wataalamu wa vyuo vya Marekani, wakiwamo wa Harvard na MIT, walichapisha uchunguzi wao. Waliwapa watu maelezo ya biashara yaliyorekodiwa. Maneno yalikuwa yale yale, neno kwa neno, lakini mara yalisomwa kwa sauti ya mwanamume na mara kwa sauti ya mwanamke. Katika jaribio moja watu wapatao 68 katika kila 100 waliichagua biashara iliyosemwa kwa sauti ya mwanamume. Biashara ilikuwa ileile! Wasikilizaji akina mama, nadhani hamkushangaa. Hapa kwetu ningeongeza lugha. Nimesikia vijana wakieleza jambo zuri kwa Kiingereza cha kubabaika, na waamuzi wakaandika "hawajajiandaa". Kumbe lile jambo wangelieleza kwa Kiswahili lingenyooka kama mshale. Mashindano yanayotaka kujua habari za biashara yasipime ulimi. Dawa iliyopo ni ndogo lakini inafaa: waamuzi wawe mchanganyiko, wanaume na wanawake, wa benki na wa sokoni, wasome karatasi na kuipa alama kabla ya kuwaona wenyewe, na alama za kujieleza ziwe chache.

Je, baada ya taabu yote hiyo, waamuzi hupata kweli? Nitawapa habari ya MIT ya mwaka 1998, wakati zawadi ilipokuwa imefika dola 50,000.

Mwaka ule profesa wa hisabati, Tom Leighton, na mwanafunzi wake Daniel Lewin, walikuwa na mpango wa kuondoa msongamano katika intaneti. Fikirini kijiji kizima kinachoteka maji katika bomba moja. Asubuhi foleni inafika barabarani. Wao walisema, tuweke mapipa ya maji karibu na nyumba za watu, na tutafute hesabu ya kujua kila mtu aende kwenye pipa lipi. Wakaufikisha mpango wao fainali. Hawakushinda. Walioshinda ni Direct Hit, waliokuwa na njia mpya ya kutafuta habari katika intaneti: majibu yalipangwa kwa kufuata yale ambayo watafutaji waliotangulia waliyafungua.

Waliokosa zawadi waliendelea. Kampuni yao, Akamai, ilianza kuuza hisa zake kwa umma mwezi wa Oktoba 1999. Lewin aliuawa tarehe 11 Septemba 2001, akiwa abiria katika mojawapo ya ndege zilizotekwa siku ile. Kampuni inaendelea hadi leo, na ni mojawapo ya kampuni kubwa za kazi hiyo duniani. Direct Hit nao hawakuwa wabovu. Mwaka 2000 walinunuliwa na kampuni ya Ask Jeeves kwa hisa zenye thamani ya karibu dola milioni 500, lakini siku hizi Direct Hit haipo tena.

Mtu anaweza kusema waamuzi wale walikosea. Mimi sisemi hivyo. Waliulizwa mwaka 1998, wakajibu kwa ushahidi wa mwaka 1998, na mbele yao palikuwa na vikundi viwili vyenye uwezo. Mtoto wako akija na barua ya kushindwa, iliyomo humo ni kura ya watu wachache, siku moja, juu ya karatasi moja. Mwulize kwanza kama waamuzi walimwandikia maelezo. Mashindano mazuri hutoa maelezo hayo, na mara nyingi yana faida kuliko zawadi ya mshindi wa tatu.

Sasa kazi ya darasa. Rudini kwa wale vijana wa dagaa, wenye shilingi 550,000 kwa mwezi kabla ya mishahara. Mmoja wao anasema, "Tuwe wawili badala ya wanne, mishahara itakuwa shilingi 300,000, na faida shilingi 250,000." Hesabu yake ni sahihi. Yule mama wa samaki bado ana swali: watu wawili wanaweza kubeba, kuanika na kugeuza dagaa wa vichanja vyote kabla jua halijazama? Wale waliofanya kazi hiyo waseme. Mwalimu, tafadhali usifute ubao mpaka wamalize kubishana.